Kiganja Kimoja cha Ukuta wa Mama Feza

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na mgongo na sheria moja. Kiti kilikuwa cha redio ya mtaa wa Kimanga, hapa Uvira, chumba kimoja chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani ili sauti isirudi. Sheria ilikuwa ya Directeur, mkuu wa redio. Alikuwa mtu mfupi, shati limechomekwa saa zote, na sidhani kama alikuwa amewahi kutundika picha nyumbani kwake.

"Weye unajua kuchora?" aliniuliza.

"Hapana, Directeur."

"Hiyo njo vizuri. Wenye kujua kuchora banasemaka uongo juu ya picha za wengine. Utafanya kroniki ya sanaa, dakika saba, kila siku ya ine ya juma. Na sikiya: sitaki kusikia neno 'muzuri' mu mikro yangu. Kama kintu kiko muzuri, sema kiko na nini. Bantu batajua benyewe."

Kroniki ni kipindi kifupi cha mtu mmoja anayesema alichokiona na anachokifikiria. Wa habari husema jana kulitokea nini. Wa kroniki hurudi kutazama. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa barua, sikuwahi kurudi kutazama chochote, lakini niliogopa kukataa. Nikanunua daftari la kurasa ngumu nikaanza kutembea.

Ninyi vijana mnaojiita wahakiki siku hizi, nawaambia jinsi tulivyofanya, na sitawabembeleza. Tulikwenda kwa miguu yetu. Tulisimama mbele ya kitu mpaka magoti yaume. Kwanza tuliandika kilichopo: rangi ngapi, mistari mingapi, mkono ulianzia wapi na kuishia wapi. Halafu tulimuuliza aliyekifanya. Maoni yetu yalikuja mwisho, kwa sababu maoni ndiyo rahisi kuliko vyote. Ninyi mnaandikia picha mliyoiona kwenye simu, ikiwa na upana wa vidole viwili, kisha mnasema msanii "anazungumza na zamani." Nikisikia maneno hayo damu inachemka. Anazungumza nayo? Basi nielezeni zamani ilimjibu nini.

Mwaka wangu wa kwanza, mchoraji mmoja wa Kilibula alinijia redioni amefura. Alikuwa na kibanda cha vibao vya saluni na picha za viboko, za kuwauzia wageni wa mashirika.

"Weye maman! Unasema mu redio kiboko yangu iko na miguu tano?"

"Iko nayo. Nilihesabu."

"Unanitukanisha mbele ya bantu bote!"

Akaondoka akisonya. Kesho yake nilipita kibandani kwake nikamkuta amepiga magoti mbele ya picha, brashi mkononi, akiufuta mguu mmoja kimyakimya. Hakunisalimu, nami sikumcheka. Nilijiona nimeanza kuifahamu kazi, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba.

Baada ya miaka michache Directeur alinituma Bukavu kwenye kozi. Aliyetufundisha tulimwita Professeur, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa urithi. Alitufundisha kuhusu tabaka, yaani rangi iliyopakwa juu ya rangi, na jinsi ya kukwangua kidogo ili kuona kilicho chini. Alitufundisha uhifadhi, ambao ni kazi ya kuzuia kitu cha zamani kisiharibike. Siku ya mwisho alipiga meza.

"Kintu chenye kufunikwa kimekufa," alisema. "Kazi ya mukritiki ni kushika mukono ya mwenye kufunika."

Niliyaandika maneno hayo na kuyapigia mstari mara mbili. Nilishuka kwenda Uvira nikiyatafutia pa kuyatumia, na anayetafuta hivyo hakosi kupata.

Nikapata Lubarika, kijiji cha bonde la Ruzizi, kwenye shughuli ya mavuno niliyotumwa kuitangaza. Nyumba ya Mama Feza ilikuwa ya udongo, na ukuta wake wa mbele ulinisimamisha pikipiki ikiwa bado inanguruma. Ulikuwa na mistari iliyokunjwa kama ya mkeka, mikubwa chini na midogo kadiri inavyopanda, myeupe ya ingwa, ule udongo mweupe wa mtoni, na myeusi ya masizi ya jikoni, juu ya wekundu wa udongo uliokandwa na mavi ya ng'ombe. Nilihesabu mistari kumi na moja. Nikaichora yote kwenye daftari, na mwenye nyumba akaja kusimama nyuma yangu. Mwanamke mrefu, mjane, kitenge amekifunga kifuani, anayecheka kabla ya kusema.

Kando ya mlango, upande wa kushoto, palikuwa na vipande viwili vyenye ukubwa wa kiganja, kimoja juu ya kingine, ambavyo havikufanana na ukuta uliobaki. Mistari yake ilikuwa myembamba na weupe wake umepoa. Nikauliza.

"Hiki cha chini ni cha bibi yangu," alisema. "Cha juu ni cha mama yangu, Mama Sifa. Siye tunapakaka ukuta muzima kila kiangazi. Lakini siku unarizi ukuta, unaupokea kwa mwenye kukutangulia, unaacha kiganja kimoja cha mukono yake. Hicho haukiguse tena."

"Na nyumba ikianguka?"

"Nyumba inahamaka, kiganja kinahama nayo. Unakikata na jembe, unakibandika kwa ukuta mupya. Hivi bilitoka kule chini, wakati mto haujatufukuza." Akamwonyesha msichana aliyekuwa akipepeta mihogo uani. "Ule ni mujukuu yangu, Zawadi. Mwaka huu njo ataanza yeye. Atapaka ukuta muzima, ataacha kiganja changu."

Nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea na bado najikasirikia. Mwanamke huyu alikuwa amenieleza yote. Alikuwa amenipa uhakiki mzima, wa watu waliojua namna ya kuishi na waliowatangulia bila kuwazika wala kuwafungia kabatini. Nami nilisikia nini? Nilisikia kwamba kuna ukuta wa zamani unaofunikwa kila mwaka. Niliviona vile viganja viwili, nikaona mistari yake ni myembamba kuliko ya Mama Feza, nikasema moyoni: tazama tunachopoteza.

"Mama, juu ya nini unafunika kazi yako kila mwaka?" nilimuuliza sababu.

"Nafunika?" Alicheka. "Minye sifunike kintu. Ukuta unachokaka na mvua, minye naurudishia nguvu."

Jibu hilo sikuliandika. Daftari langu ninalo mpaka leo. Nimelitafuta jibu hilo kila ukurasa na halimo.

Niliandika kroniki tatu mfululizo. Nilisema Lubarika kuna urithi unaouawa na wenyewe. Nilivielezea vile viganja viwili, na badala ya kusema ni vya Mama Sifa na mama yake nikasema ni vya "mikono ya kale isiyo na jina," kwa sababu sentensi ililia vizuri zaidi bila majina. Nilijua majina. Mama Feza alinitajia hata la bibi yake, Nyota, nilipokuwa nikipanda pikipiki. Niliyaacha kwa makusudi, ili zamani ionekane ni ya mbali na mimi nionekane ndiye niliyeigundua. Lawama hiyo siwezi kumbebesha Directeur wala Professeur.

Kroniki zilipendwa. Chef de bureau, mkuu wa ofisi ya utamaduni, alizisikia, akaniita ofisini, akaandika barua yenye muhuri kwamba ukuta ule usiguswe. Siku hizo barua yenye muhuri ilikuwa inatembea yenyewe. Mafundi wa samani walitugawia vernisi, ile dawa inayopakwa juu ya meza ili ing'ae na maji yasiingie. Mwanzoni mwa kiangazi tukaenda Lubarika na Chef de bureau na fundi mitambo wa redio mwenye kamera.

Tulimkuta Mama Feza na ndoo tatu za udongo uliokwisha kukandwa. Zawadi alikuwa amekunja mikono ya blauzi, vidole vyeupe kwa ingwa. Walikuwa wanakaribia kuanza. Chef de bureau akawasomea barua, na alipomaliza Mama Feza akanitazama mimi, si yeye.

"Maman Riziki, sijasikia. Banasema nini?"

"Banasema musipake tena, Mama. Ukuta huu ni wa bantu bote sasa. Tutaulinda."

"Na Zawadi?"

"Zawadi ataonyesha wageni."

Alizitazama ndoo. "Na huu udongo tuupeleke wapi?"

"Muumwage kwa migomba," nilisema.

Wakaumwaga. Zawadi ndiye aliyebeba ndoo, moja moja, na alipomaliza aliosha mikono. Mimi nikashika brashi, nikaupaka ukuta vernisi kutoka juu mpaka chini, mara mbili, hata vile viganja. Uling'aa kama kabati jipya. Fundi akapiga picha, na tukagongelea kibao: Kazi ya sanaa, usiguse. Tukamwachia Mama Feza nyumba yake aliyokatazwa kuigusa.

Mvua ziliporudi nilikuwa nimeshasahau, niko na kroniki zangu za wachonga vinyago. Habari ililetwa na dereva wa pikipiki aliyetoka huko: ukuta wa redio unajivua ngozi. Ndivyo walivyouita Lubarika, ukuta wa redio. Nilikwenda siku hiyohiyo. Maji yalikuwa yamepanda kutoka chini na kushuka kutoka chini ya paa, yakakosa pa kutokea. Vernisi ilikuwa imevimba malengelenge, na kila lengelenge lilipopasuka lilibomoka na udongo wake. Ukuta ulikuwa chini kwa mabamba. Viganja vyote viwili vilikuwa tope kwenye kizingiti. Nilipiga magoti nikavitafuta, na yote yalikuwa rangi moja.

"Udongo unapumuaka, Maman," Mama Feza alisema, akiwa amekaa kwenye kinu kilichogeuzwa. "Umeufunga mudomo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Hakupaza sauti. Angenipiga ningeshukuru. Nilirudi Uvira usiku haujaingia, nikaandika kroniki ya kuungama, yenye majina yote matatu, Nyota, Sifa, Feza, na jina langu chini yake. Nikampelekea Directeur. Aliisoma amesimama.

"Hii haitapita."

"Directeur, tumeua kintu."

"Redio haiombake musamaha kwa ukuta. Leo utaomba kwa ukuta, kesho bataomba tuombe kwa serikali. Endelea na vinyago byako."

Nami niliendelea na vinyago vyangu. Sikuacha kazi, sikupiga kelele, sikurudi hata Lubarika kusema kwa mdomo kile nilichokatazwa kusema kwa mikro. Nilijiambia nitakwenda kiangazi, wakipaka tena. Mama Feza alifariki kabla ya kiangazi. Zawadi hakuwa amewahi kupaka ukuta mzima kwa mkono wake, kwa kuwa mwaka wake wa kuanza ndio ule nilioufunga mimi.

Yaliyofuata ni kazi tu. Nilihamishiwa ofisi ya utamaduni chini ya Chef de bureau yuleyule, nikawa katibu wa juri, yaani kamati ya kuchagua washindi. Nilihukumu vitenge, ngoma, michoro ya shule, mapambo ya maaskofu. Nilisifiwa kwa ukali wangu. Siku ya kustaafu nilipewa cheti na soda, na Chef de bureau mpya, kijana ambaye hakuijua Lubarika, akasema mimi ni mlinzi wa urithi wetu. Watu wakapiga makofi. Nikainywa ile soda bila kumsahihisha.

Mwaka huu nikaalikwa kwenye maonyesho, kwenye ukumbi mmoja upande wa ziwa. Mwandalizi wake anaitwa kamishna wa maonyesho. Ndiye anayechagua kazi na kuamua ipi isimame kando ya ipi. Alikuwa kijana mpole, suruali fupi, ametoka mbali. Alinishika mkono akaniongoza mpaka ukuta wa mwisho, akasema amenitunzia mshangao.

Nikauona. Ile picha ya fundi wetu wa redio, imekuzwa mpaka inajaza ukuta, ukuta wa Mama Feza unang'aa kwa vernisi yangu. Mbele yake msanii mmoja alikuwa amening'iniza nyuzi za plastiki za rangi ya dhahabu. Chini kulikuwa na karatasi ndogo ya maelezo: Ukuta, Lubarika. Mikono ya kale isiyo na jina.

Hasira ilinipanda hata miguu ikasahau uzee.

"Iko na jina!" nilipiga kelele, na ukumbi mzima ukageuka. "Anaitwa Feza! Mama yake ni Sifa! Bibi yake ni Nyota! Munaleta plastiki hapa, munasema munazungumza na zamani, na hata salamu hamukuipa! Nani aliandika huu ujinga?"

Kamishna hakukasirika. Alitoa karatasi mfukoni mwa begi lake, kwa furaha kabisa, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitambaa alichoangusha.

"Maman Riziki, ni weye. Ni kroniki yako. Tuliikuta mu kabati ya redio. Tulisema, hatuwezi kuandika vizuri kumupita yeye."

Niliishika. Ilipigwa kwa mashine yangu ya chapa, ile yenye herufi e iliyovunjika mkia. Sikuwa na mtu mwingine wa kumfokea, nikaondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata nilikwenda Lubarika na daftari langu. Zawadi sasa ni mama wa watoto wanne, na nyumba yake ni ya matofali, imepigwa saruji ya kijivu, ukuta mtupu. Alinitolea kiti, akaniletea maji. Sikuyanywa kwanza. Nilimwambia yote: majina niliyoyaacha kwa makusudi, kroniki iliyozuiwa na mimi nikatii, woga wangu wa kuja. Nikamwambia naomba msamaha, na kwamba nimechelewa mno.

Zawadi alinyoosha mkono. Alichukua daftari, akafungua ile michoro ya mistari kumi na moja, akaitazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole.

"Hapa umekosa. Bibi alianzaka chini kwa kushoto, si hapa katikati. Na huu mustari haugeukake."

"Unakumbuka?"

"Macho haikumbuke. Mukono njo inakataa."

Akaomba nimwachie daftari. Nikamwachia, na ndicho kitu pekee cha maana nilichowahi kukifanya kama mhakiki. Kumbukeni, si maoni yangu yaliyomfaa. Maoni yangu yalileta vernisi. Kilichomfaa ni ile sheria ya mtu mfupi wa Kimanga, ya kusema kitu kiko na nini.

Kiangazi kilipoingia alinipigia simu, akasema njoo uone. Nikapanda pikipiki na mgongo huu. Ukuta wa saruji ulikuwa umevaa udongo mwekundu mpaka juu, na mistari kumi na moja inapanda, minene, mingine imeyumba, ingwa bado mbichi pembeni. Haukuwa ukuta wa Mama Feza. Ulikuwa wa Zawadi, na binti yake mkubwa alikuwa na masizi mpaka viwikoni.

Nilitazama kwa utaratibu wangu wa siku zote, chini kwenda juu. Kando ya mlango, kushoto, nikaona sehemu yenye ukubwa wa kiganja ambayo haikupakwa. Saruji tupu ya kijivu. Ulimi wa kazi ukaniponyoka kabla ya akili.

"Zawadi, hapa haujamaliza."

"Nimemaliza," alisema, akifuta mikono kwenye kitenge. "Hapo njo pa bibi. Sina kintu chake cha kuacha, basi nimeacha hivyo. Mutoto wangu akirizi ukuta, atakuta hapo hakuna kintu. Ataniuliza juu ya nini pako wazi. Nami nitamuambia jina yako."

Niliweka kiganja changu juu ya ile saruji. Kilienea sawasawa.